Lenzi ya Kuzungusha kwa Mkono

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa

Walimu, tafadhali hakikisheni kila mtu ana penseli na karatasi, maana leo tutasoma namba. Namba zenyewe hazimo kitabuni. Zimechorwa juu ya pete za chuma, na pete hizo ziko katika lenzi ya kamera. Mtu ajuaye kuzisoma hupata picha safi. Asiyejua hupata ukungu, na fedha amekwisha kuzilipa.

Nasema juu ya fedha kwa kuwa ndizo asili ya somo hili. Wengi wenu mwapenda kupiga picha ili kujipatia riziki. Mtu hujinyima miezi mingi, akanunua kamera iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Kamera njema ya siku hizi, ile isiyo na kioo ndani yake, ambayo vijana wa studio huiita miralesi. Kisha huenda dukani kuuliza lenzi ya kupigia picha za uso. Akiambiwa bei, hushukuru, akarudi nyumbani kimya. Leo nataka kumwambia mtu huyo kwamba iko lenzi ambayo ataiweza. Ni lenzi isiyo na mashine ndani yake. Kazi ya mashine ataifanya mwenyewe kwa vidole vyake. Picha zake zaweza kuwa nzuri sana, lakini kazi hiyo ina masharti, nami sitayaficha.

Kwanza tuone lenzi hufanya nini. Mzee au mama mwenye miwani ya kusomea, tafadhali mwazime mwalimu miwani yako kwa muda mfupi, atairudisha. Mwalimu, nenda upande wa chumba ulio mbali na dirisha, ubandike karatasi nyeupe ukutani, mkabala wa dirisha. Ikiwa darasa lenu ni la usiku, wekeni taa au mshumaa upande wa pili wa chumba. Sasa shika miwani karibu na karatasi, kisha iondoe polepole, ukiirudisha nyuma mpaka mkono unyooke. Wanafunzi, tazameni karatasi, msitazame miwani.

(Kimya cha dakika moja.)

Mmeona? Juu ya karatasi limetokea dirisha dogo, nalo limesimama kichwa chini. Hiyo ni picha, na hakuna aliyeichora ila mwanga uliopita katika kioo cha miwani. Tena mmeona jambo jingine. Pana mahali pamoja tu ambapo dirisha lile huwa kali, kingo zake kama zimekatwa kwa kisu. Ukisogeza miwani mbele kidogo, ukungu. Nyuma kidogo, ukungu tena. Kule kutafuta mahali pale pamoja ndiko wapiga picha wakuitako kushika fokasi. Sasa mrudishieni mzee miwani yake.

Katika kamera ni vivyo hivyo. Mahali pa karatasi pana kibao kidogo cha umeme kinachopokea mwanga, tutakiita kihisi. Mahali pa miwani pana lenzi. Lenzi ya siku hizi ina mota ndogo isogezayo vioo vyake, na kamera huiamuru. Lenzi tunayoisema leo haina mota. Ina pete pana, nawe ukiizungusha, vioo husogea mbele au nyuma kama miwani ile mkononi mwa mwalimu. Wapiga picha wa zamani wote walifanya kazi hivyo. Kamera ya Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyowafanya wengi waanze kuiachia mota kazi ya vidole. Kwa hiyo msidhani kuwa kuzungusha pete ni mchezo wa kubahatisha. Picha nyingi kubwa za karne iliyopita, za vita na za harusi, zilishikwa fokasi kwa vidole viwili.

Sasa, kwa nini nasema kamera isiyo na kioo? Nauliza kwa sababu hapa ndipo penye siri yote ya bei.

Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo cha kujitazamia kilichosimama mshazari nyuma ya lenzi. Kioo kile kilirusha picha juu, ili mpiga picha aione kwa jicho. Ulipobonyeza kitufe, kioo kiliruka juu na mwanga ukaingia kwenye filamu. Kitu kinachoruka sharti kiwe na nafasi ya kurukia. Kwa ajili hiyo lenzi iliwekwa mbali na filamu. Mwaka 1949, katika mji wa Dresden huko Ujerumani, ilitoka kamera iitwayo Contax S, ambayo lenzi yake ilifungwa kwa hesi, kama bolti katika nati. Mdomo wa hesi ulikuwa na upana wa milimita 42. Viwanda vingi vikaufuata mtindo ule, Pentax wa Japani wakiwamo mpaka mwaka 1975, na Zenit wa Urusi. Katika kamera hizo zote, kutoka mahali lenzi inapokaa mpaka kwenye filamu ni milimita 45.46.

Mwaka 2008 Panasonic wakatoa kamera ya Lumix G1, ambayo hubadilishwa lenzi lakini haina kioo kile. Wengine wakafuata. Kioo kikiondoka, nafasi ya kurukia haina kazi tena, na kamera ikawa nyembamba. Katika kamera za Sony za namna hii, kutoka mahali lenzi inapokaa mpaka kwenye kihisi ni milimita 18 tu.

Haya, penseli mkononi. Lenzi ya zamani yataka 45.46. Kamera mpya inayo 18. Toeni 18 katika 45.46. Jibu ni 27.46. Milimita hizo 27.46 ndizo urefu wa kipande cha bomba ambacho huwekwa kati ya lenzi na kamera. Kipande hicho huitwa adapta. Hakina kioo ndani, wala waya. Ni bomba tupu, upande mmoja una hesi ya lenzi ya zamani, upande wa pili una mdomo wa kamera yako. Ndiyo maana bei yake ni ndogo. Na lenzi yenyewe ni rahisi kwa kuwa haina mota, na kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno, kisha wenye nazo wakaziacha makabatini.

Mtu mmoja darasani huenda akauliza: je, siwezi kuifunga lenzi hiyo katika kamera ya Nikon ya zamani yenye kioo? Fanyeni hesabu tena. Kamera hiyo ina milimita 46.5. Lenzi yataka 45.46. Hata kabla ya kuweka adapta, umekwisha kupita kiasi. Vitu vya karibu vitaonekana vizuri, lakini mlima na nyumba za mbali hazitakuwa kali hata uzungushe pete mpaka mwisho. Adapta zenye kioo kidogo ndani hujaribu kuponya kasoro hiyo, lakini kioo hicho mara nyingi huharibu picha. Heri kamera isiyo na kioo.

Iko faida nyingine, nayo ni kubwa kuliko bei. Katika kamera isiyo na kioo, kile ukionacho kwenye skrini ndicho hasa kihisi kinachokipokea kupitia lenzi ile, na waweza kukikuza mara nyingi kabla ya kupiga. Wazee wetu wa studio hawakuwa na msaada huo.

Nitachukua lenzi moja iwe mfano wetu, kwa kuwa ni ya kawaida na wengi huanza nayo. Huitwa Helios-44-2. Ilitengenezwa katika Urusi ya Kisovieti, katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow na katika viwanda vingine, ili kufungwa katika kamera za Zenit. Umbo la vioo vyake lilifuata lenzi ya Kijerumani iliyoitwa Biotar. Ukiona jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo mwalimu hajakufundisha, usishtuke; hizo ni herufi za Kirusi. Namba ni zile zile tunazozijua. Kama hukupata Helios, viko viwanda vya China, kama 7Artisans na TTArtisan, ambavyo leo vinatengeneza lenzi mpya za kuzungusha kwa mkono zenye mdomo wa kamera yako kabisa, bila haja ya adapta. Kanuni ni moja.

Sasa tusome. Mbele ya lenzi, kuzunguka kioo, pameandikwa 2/58. Anza na 58. Hiyo ni milimita, na hueleza jinsi lenzi inavyovuta vitu karibu. Katika kamera yenye kihisi cha ukubwa wa kati, kama Sony α6000 ya mwaka 2014, lenzi ya 58 huona eneo dogo zaidi, kiasi ambacho lenzi ya 87 ingeona katika kamera yenye kihisi kikubwa. Maana yake, inafaa sana kwa uso na mabega. Haifai kwa picha ya ukoo mzima sebuleni. Utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni.

Namba 2 ni ya tundu. Ndani ya lenzi mna vibati vyembamba, katika Helios-44-2 ni 8, vinavyofunguka na kujifunga kama mboni ya jicho. Chukua 58, igawanye kwa 2: tundu lina upana wa milimita 29. Gawanya 58 kwa 8: tundu ni kama milimita 7. Gawanya kwa 16: hazifiki milimita 4. Mmeona ajabu yake? Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Watu wengi waliosoma zaidi yetu huchanganyikiwa hapa, basi andikeni mara tatu.

Juu ya pete mtaona namba 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Kila ukivuka namba moja kwenda juu, mwanga unaoingia hupungua nusu. Lakini kwetu sisi tunaozungusha kwa mkono, jambo kubwa zaidi ni ukanda wa ukali. Fikirini mtu amekaa mita 1 mbele yenu na lenzi iko kwenye 2. Ukanda ambamo vitu huonekana vikali una unene wa kama sentimita 2 tu, upana wa kidole gumba. Ukilishika jicho, pua iko nje ya ukanda. Mtu akipumua kwa nguvu, jicho lenyewe limetoka. Sasa weka tundu kwenye 8, mtu akae pale pale: ukanda unakuwa kama sentimita 9. Mwambie arudi mita 2, tundu likiwa 8: ukanda ni zaidi ya sentimita 35, yaani kichwa chote na mabega. Kwa hiyo anayeanza asikimbilie namba 2, hata ikiwa ameona picha za wengine ambazo nyuma yake taa zote zimegeuka kuwa mipira ya nuru. Uzuri huo upo, na Helios inajulikana kwa kuyazungusha majani ya nyuma kama kisulisuli. Utauendea. Leo weka 5.6 au 8.

Iko pete nyingine yenye namba za umbali. Huanza na mita 0.5, yaani nusu mita. Ukikaribia zaidi ya hapo lenzi haiwezi. Mwisho wake pana alama kama 8 iliyolala usingizi. Alama hiyo maana yake ni mbali sana, kama kilima au mwezi. Lenzi mpya nyingi zenye mota hazina pete hii ya umbali, na mimi naona wenye nazo wamenyimwa kitu.

Sasa funga lenzi katika kamera. Zungusha taratibu, hesi ikikataa usiilazimishe, irudishe uanze upya. Washa kamera, bonyeza kitufe. Huenda isipige. Usidhani imeharibika. Kamera imetafuta lenzi ya umeme haikuiona, ikadhani mdomo wake uko wazi. Ingia katika orodha ya mipango yake, utafute mstari unaoruhusu kupiga picha bila lenzi. Orodha nyingi ni za Kiingereza, basi tafuta neno lenye herufi L, E, N, S. Ruhusu. Kisha geuza gurudumu la juu kwenye herufi A, ile ya kuchagua tundu. Hapo wewe utachagua tundu kwa pete, na kamera itachagua muda wa kufunguka. Utazame muda huo. Ukiwa polepole kuliko sehemu 1 ya 125 ya sekunde, mkono wako utatikisa picha. Ongeza aiso, au msogeze mtu karibu na dirisha. Tena, kama kamera yako ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, iandikie 58 mwenyewe, maana lenzi hii haina waya wa kuiambia.

Kamera hukupa misaada miwili ya kushika fokasi. Wa kwanza ni rangi. Kamera huzipaka nyekundu au njano kingo za kila kitu inachokiona kuwa kikali, nawe ukizungusha pete waiona ile rangi ikitambaa kutoka sikioni kuja shavuni. Wa pili ni kukuza: unabonyeza kitufe, na jicho la mtu linajaa skrini. Msaada wa kwanza ni wa haraka na wapendeza. Wa pili ni wa kweli.

Nawaambieni kwa nini nasema hivyo. Nilipoanza kutumia lenzi ya namna hii, jirani yetu mmoja aliniomba nimpige picha baba yake. Mzee alikuwa hapendi picha. Hii ilikuwa mara ya kwanza kukubali tangu binti yule aolewe. Alivaa kanzu safi na kofia ya kudarizi, ile yenye vitundu vingi vidogo, akakaa barazani. Nami niliweka tundu kwenye 2, kwa kuwa nilitaka ukuta wa nyuma ufifie. Nikawasha rangi nyekundu. Nikazungusha pete, na kichwa chote cha mzee kikawaka kama jua la magharibi. Nikasema, hapo hapo. Nikapiga 2, nikamshukuru, akainuka.

Nyumbani nilipozikuza, niliona kosa. Rangi ile hupenda kitu chenye kingo nyingi, na kofia ya kudarizi ni kingo tupu. Iliyowaka ilikuwa kofia. Macho yalikuwa mbele yake kwa sentimita 3 hivi, nje ya ukanda. Nilisema nitarudi Ijumaa nimpige tena. Ijumaa hiyo mzee alikuwa amelazwa, na hakurudi nyumbani. Binti yake alichukua moja ya zile picha, akaitundika ukutani, wala hakuninung'unikia. Nikienda pale naiona. Vitundu vya kofia vyahesabika kimoja kimoja, na macho ya mzee yako nyuma ya ukungu.

Basi fanya hivi. Msogeze mtu mahali penye mwanga. Tumia rangi kukaribia tu. Kisha kuza, ulete jicho lililo karibu nawe katikati ya skrini, uzungushe pete mpaka kope zionekane moja moja. Pita kidogo, urudi. Mkono hujua mahali pazuri kwa kupapita na kuparudia. Bana viwiko mbavuni, usipumue, piga. Usiishie moja. Piga 5 au 6, maana wewe unayumba na yeye anayumba, na ukanda ni mwembamba. Halafu, kabla hujamwambia mtu ainuke, fungua picha na uikuze kwenye jicho. Jihadhari na kanga na vitenge vyenye maua madogo, na ndevu, na nywele zilizosukwa; rangi itavikimbilia vyote hivyo kwanza.

Helios-44-2 ina hila moja ya kizamani inayosaidia sana. Ina pete 2 za tundu. Moja huweka mpaka, tuseme kwenye 5.6. Nyingine hufungua tundu lote na kulifunga tena mpaka pale ulipoweka mpaka, isizidi. Kwa hiyo waweza kushika fokasi tundu likiwa wazi kwenye 2, ambapo kosa dogo huonekana upesi, kisha bila kuondoa jicho ukaizungusha ile pete ya pili mpaka ikome, ukapiga kwenye 5.6. Kidole kikizoea, ni kazi ya sekunde moja.

Na vitu vinavyotembea? Hapa lenzi hii ni dhaifu, tusidanganyane. Mtoto anayekimbia hatakungoja ukuze skrini. Lakini iko njia ya wapiga picha wa zamani. Weka tundu kwenye 8 na umbali kwenye mita 5, kisha uache pete. Katika kamera yenye kihisi cha kati, kila kitu kilicho kati ya mita 4 na mita 6 na nusu kitakuwa kikali. Sasa hushiki fokasi tena, wangoja. Ngoma ikipita, mchezaji akiingia mahali pale, piga. Pima mita 5 kwa hatua zako nyumbani, uchore mstari, uzitazame mpaka jicho lizijue.

Juu ya harusi nina neno moja. Bibi harusi haingii mlangoni mara ya pili kwa ajili yako, na watu wamelipa. Usiende na lenzi ya mkono peke yake mpaka umeitumia miezi kadhaa kwa watu wasiolipa. Beba na ile lenzi ndogo ya mota iliyokuja na kamera, hata kama si nzuri sana. Ile ya mkono itoe wakati bibi na bwana wamekaa wametulia.

Kabla ya kulipa, ikague lenzi ya zamani. Washa tochi upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Iache, hasa kama wakaa pwani penye unyevu mwingi, maana itakua. Zungusha pete ya umbali: iwe laini, isikwame, isilegee. Fungua na ufunge tundu, utazame vile vibati. Vikiwa na mafuta huweza kukwama. Ukiisha kuinunua, usiihifadhi katika mfuko wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Iweke katika kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja katika masanduku ya viatu vipya. Wala usiiache kamera mezani lenzi ikilitazama jua. Mlifanya jaribio la miwani. Mwajua kioo cha kukuza hufanya nini kwa karatasi kavu juani, na nyuma ya lenzi hakuna tena kioo cha kuzuia.

Kazi ya wiki hii ni hii. Walio na kamera, pangeni chupa 5 za soda juu ya meza, kwa mshazari, kila moja nyuma ya mwenzake kwa upana wa kiganja. Simameni mita 1 kutoka chupa ya tatu. Wekeni tundu kwenye 2, mkuze, mshike maandishi ya chupa ya tatu, mpige. Kisha 5.6, kisha 16, bila kugusa pete ya umbali. Andikeni kwenye karatasi, katika kila picha, ni maandishi ya chupa ngapi mnayoweza kuyasoma. Wasio na kamera wafanye hesabu: lenzi ya 50, tundu kwenye 2, kwenye 5, na kwenye 10, upana wake ni milimita ngapi? Mwalimu atasahihisha, nasi tutaanza somo lijalo kwa majibu yenu. Kwaherini.